Mwalimu wa Juni na mwalimu wa Julai: kisa cha kikokotoo cha 2022

Chukua walimu wawili. Ni wa mfano tu, lakini Tanzania ina wengi wa kweli wanaofanana nao. Wote wawili waliajiriwa serikalini Julai 1992. Wote waliingizwa kwenye PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ulipoanza mwaka 1999, na wote walihamia mfuko mpya, PSSSF, mifuko ya pensheni ya umma ilipounganishwa mwaka 2018. Mshahara wao wa mwisho ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi na utumishi wao ni miezi 360. Wanachotofautiana ni siku ya kuzaliwa: mmoja alitimiza miaka 60 siku ya mwisho ya Juni 2022, mwenzake siku chache baadaye, Julai.

Mwalimu wa Juni, kwa hesabu za kanuni, anapata mkupuo (fedha inayolipwa mara moja mtu anapostaafu) wa shilingi milioni 74.4 na pensheni ya shilingi 400,000 kila mwezi. Mwalimu wa Julai anapata mkupuo wa milioni 35.64 na pensheni ya shilingi 482,400.

Kilichowatenganisha ni kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu, iliyobadilishwa kuanzia Julai Mosi 2022. Tangu hapo kila Mei Mosi ina bango la kikokotoo. Bunge limelijadili, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TUCTA, na Chama cha Walimu wamelipigania, na mwaka 2024 Serikali ikasogea kidogo. Lakini karibu mjadala wote umekuwa wa asilimia: hamsini ile, thelathini na tatu hii, arobaini ile. Mimi naona asilimia ndiyo sehemu nyepesi ya kisa hiki. Kilichokatwa hasa kimekaa kwenye namba ambazo haziandikwi kwenye mabango, na aliyekatwa siye aliyesababisha upungufu.

Namba nne

Malipo ya mstaafu yanatokana na namba nne. Kwanza ni mshahara unaotumika kwenye hesabu. Pili ni kigawanyo, yaani kila mwezi wa utumishi unahesabiwa kuwa sehemu ya ngapi ya mshahara wa mwaka. Tatu ni asilimia inayotolewa kwa mkupuo. Nne ni kizidisho, yaani kila shilingi ya pensheni ya mwaka unayoiachia ili upewe mkupuo inanunuliwa kwa shilingi ngapi.

Kwa wanachama wa PSPF na wa LAPF, mfuko wa serikali za mitaa, kanuni ya zamani ilitumia mshahara wa mwisho, kigawanyo cha 540, asilimia 50 na kizidisho cha 15.5. Kwa mwalimu wa Juni, mshahara wa mwaka ni milioni 14.4. Gawanya kwa 540, zidisha kwa miezi 360, unapata milioni 9.6. Hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Nusu yake ukiizidisha kwa 15.5 ndiyo milioni 74.4, na nusu iliyobaki ukiigawa kwa miezi 12 ndiyo 400,000.

Kanuni iliyoanza Julai 2022 inatumia wastani wa mishahara ya miaka mitatu iliyo bora, kigawanyo cha 580, asilimia 33 na kizidisho cha 12.5. Tuseme wastani wa mwalimu wa Julai ni 1,160,000, kwa sababu alipanda daraja mwishoni mwishoni kama walimu wengi. Pensheni kamili ya mwaka inakuwa milioni 8.64. Angalia hapo kabla hatujafika hata kwenye mkupuo: kutoka 9.6 hadi 8.64, asilimia 10 kamili imeshaondoka, na neno "asilimia" bado halijatamkwa.

Viongozi waliotetea kanuni mpya walisema hakuna aliyeibiwa. Fedha imetolewa kwenye mkupuo na kupelekwa kwenye pensheni ya kila mwezi. Tupime. Mwalimu wa Julai amepungukiwa mkupuo kwa milioni 38.76 na ameongezewa 82,400 kwa mwezi. Ili nyongeza hiyo ifidie pengo, anahitaji miezi 470. Hiyo ni zaidi ya miaka 39. Atakuwa na miaka 99.

Sasa fanya hesabu nyingine ambayo sijaiona kwenye hotuba yoyote. Tuseme Serikali ingeshusha asilimia pekee, kutoka 50 hadi 33, na kuacha namba nyingine tatu zilivyokuwa. Mwalimu wa Julai angepata mkupuo wa milioni 49.1 na pensheni ya 536,000. Huko ndiko "kuhamisha" kwa kweli. Kati ya hapo na alichopata kuna pengo la karibu milioni 13.5 kwenye mkupuo, na shilingi 53,600 kwenye kila mwezi atakaoishi. Fedha hiyo haikuhamishwa popote. Ilifutwa.

Upungufu ulitoka wapi

Mfuko ulikuwa taabani, hilo halina ubishi, na ndiyo maana mjadala wa "rudisheni chetu" peke yake hautoshi. Lakini sababu za taabu hiyo zina tarehe.

Kabla ya Julai 1999, watumishi wa umma wenye haki ya pensheni hawakuchangia. Mishahara ilikuwa midogo, na ahadi ya Serikali ilikuwa kwamba ukistaafu Hazina itakulea. PSPF ilipoanzishwa kwa sheria ya 1999, michango ikaanza kukatwa: asilimia 5 ya mshahara kutoka kwa mtumishi na 15 kutoka kwa mwajiri. Lakini mfuko ulikabidhiwa jukumu la kumlipa mstaafu kwa utumishi wake wote, pamoja na ile miaka ambayo hakuna aliyeichangia. Serikali iliahidi kuleta fedha ya miaka hiyo. Ilileta kidogo, ikachelewa, na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zikawa zinalitaja deni hilo mwaka baada ya mwaka.

Maana yake kivitendo: mtu aliyeajiriwa 1975 na kustaafu 2005 alikuwa na michango ya miaka sita, lakini alilipwa kwa miaka thelathini. Fedha ya miaka 24 iliyobaki ilitoka kwenye michango ya waliokuwa bado kazini, mwalimu wa Julai akiwa mmoja wao. Yeye mwenyewe faili lake lina miezi 84, Julai 1992 hadi Juni 1999, ambayo mwajiri wake hakuiwekea senti mfukoni.

Juu ya deni hilo kukaongezwa uwekezaji wa maelekezo. Chuo Kikuu cha Dodoma kilijengwa kwa fedha za mifuko, kwa makubaliano kwamba Serikali italipa. Chuo kinafundisha, na sina ugomvi nacho. Ila mfuko wa pensheni ukiikopesha Serikali halafu marejesho yakasuasua, anayebeba hasara ni mwanachama.

Kisha upande wa wachangiaji nao ukasinyaa. Mwaka 2016 ajira serikalini zilisimamishwa kupisha uhakiki. Aprili 2017 watumishi 9,932 waliotajwa kuwa na vyeti vya kughushi waliondolewa. Uwe na maoni yoyote kuhusu zoezi lile, kwenye vitabu vya mfuko lilikuwa na maana moja: wachangiaji wamepungua, wastaafu wanaendelea kuja. (Miaka mitano baadaye, Mei Mosi ya 2022 pale Dodoma, Rais Samia aliagiza wale walioondolewa warudishiwe michango yao wenyewe. Ulikuwa uamuzi wa kiungwana. Nao pia ulilipwa kutoka mfukoni.)

Hizi zote ni hatua za mwajiri. Mwajiri hakukatwa kikokotoo.

Desemba 2018, na ahadi ya 2023

Sheria ya PSSSF ilipitishwa mwaka 2018, na mfuko ukaanza kazi Agosti mwaka huo ukiwa umemeza mifuko minne ya awali: PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Kanuni zilizofuata ziliweka kikokotoo kimoja kwa wote: 1/580, kizidisho 12.5, mkupuo asilimia 25. Wanachama wa PPF walikuwa wameizoea asilimia hiyo. Kwa waliotoka PSPF na LAPF ilikuwa nusu ya walichoahidiwa.

Kelele zilizopigwa zilikuwa kubwa kiasi kwamba tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli aliwaita viongozi wa vyama vya wafanyakazi na wa mifuko Ikulu, Dar es Salaam, na kuamuru kila kundi lirudi kwenye hesabu yake ya zamani mpaka 2023. Siku hizo hizo mkurugenzi mkuu wa mamlaka ya udhibiti, SSRA, aliondolewa. Watu walishangilia. Hata mimi naelewa kwa nini, nani asingeshangilia?

Lakini tazama ule uamuzi ulifanya nini. Haukuleta fedha mpya. Uliwahakikishia walio karibu kutoka mlangoni kwamba watalipwa kwa kanuni ambayo Serikali yenyewe ilikuwa inasema mfuko hauimudu, na gharama yake ikaachwa kwa waliokuwa nyuma yao kwenye foleni. Ulikuwa ukarimu wa mtu anayekaribisha wageni kwa mchele wa jirani. Tena hata hiyo 2023 haikufika: kanuni mpya ilianza kutumika Julai Mosi 2022. Mtu aliyepanga kustaafu mapema 2023 akitegemea neno la Ikulu aliamka na kukuta mstari umesogezwa nyuma.

Haki kati ya mfanyakazi na mstaafu mara nyingi huelezwa kama ugomvi wa vijana na wazee. Kisa hiki kinaonyesha kitu kingine. Waliokwisha kustaafu hawakuguswa, na ni sawa, huwezi kumnyang'anya mtu wa miaka 75. Vijana walioajiriwa juzi wamekuta kanuni mpya; hawakuahidiwa nyingine. Aliyeumia ni wa katikati: yule aliyelipia pensheni za waliomtangulia kwa zaidi ya miaka ishirini chini ya ahadi moja, akalipwa chini ya ahadi nyingine.

Upande wa anayechangia leo

Nitakuwa sina haki nisipompa mwalimu wa miaka 28 nafasi yake. Kwake, milioni 74.4 za mwalimu wa Juni zina maswali.

Michango ni asilimia 20 ya mshahara. Ukichangia miaka 30, umeweka thamani ya mishahara ya miaka sita, na mingi kati ya hiyo ni mishahara midogo ya mwanzo wa kazi. Mwalimu wa Juni akiishi miaka 15 baada ya kustaafu atakuwa amechukua milioni 146.4. Hiyo ni zaidi ya miaka kumi ya mshahara wake wa mwisho. Kati ya sita ya mishahara midogo na kumi ya mshahara mkubwa kuna pengo, na pengo hilo linaweza kuzibwa na mapato ya uwekezaji, au na Hazina, au na mchango wa kijana. Uwekezaji ukiwa umefungwa kwenye majengo na mikopo isiyolipwa, na Hazina ikichelewa, anabaki kijana.

Kwa hiyo kanuni ya 540 na 15.5 ilikuwa na ukarimu ambao asilimia 20 isingeubeba milele. Namba hizo zilihitaji kuguswa. Mwalimu wa Julai kwa kanuni mpya, kwa miaka hiyo hiyo 15, atachukua jumla ya karibu milioni 122.5. Bado ni miaka nane na nusu ya mshahara wa mwisho. Si hesabu ya wizi. Tatizo ni kwamba tofauti ya milioni 24 imemwangukia yeye yote, siku moja, baada ya miezi yote 360 kuwa imeshafanyiwa kazi. Asingeweza kuweka akiba zaidi, wala kuchagua kazi nyingine. Chaki ilikuwa imeshaisha.

Na mstaafu wa zamani naye asidhaniwe kuwa amekaa kwenye neema. Pensheni haipandi yenyewe kila mwaka kufuata bei za sokoni. Hupanda Serikali inapoamua. Mfumuko wa bei wa asilimia 4 kwa mwaka, ambao kwetu ni wa kawaida kabisa, unaifanya 400,000 ya leo iwe na nguvu ya kama 222,000 baada ya miaka 15. Mwalimu wa Juni alipata mkupuo mnono, lakini akifika miaka 75 pensheni yake ya mwezi itakuwa imebaki na nusu ya meno. Kati ya mambo yote yaliyodaiwa tangu 2018, hili la kuhuisha pensheni kila mwaka limepigiwa kelele kidogo mno, labda kwa sababu wanaolihitaji hawaandamani Mei Mosi.

Kwa nini watu hung'ang'ania mkupuo

Hoja ya Serikali dhidi ya mkupuo mkubwa ni kwamba wastaafu huutapanya: matapeli wanawasubiri nje ya benki, biashara za kwanza maishani zinaanguka, ndugu wanajitokeza, na baada ya miaka miwili mzee hana kitu. Yapo hayo. Kila mtaa una hadithi yake.

Lakini mtumishi naye ana hesabu zake, na si za kijinga. Kwa mshahara wa mwalimu, nyumba haimaliziki ukiwa kazini. Unafika madirishani, ada zinaingia, unasimama. Mkupuo ndio bati na sakafu. Bila huo, mstaafu anahama nyumba ya kupanga kwenda nyingine huku pensheni yake ikiliwa na kodi. Pili, kifo. Mstaafu akifa, wategemezi hulipwa pensheni ya miezi 36 na mambo yanaishia hapo. Mtu ambaye wazazi wake walifariki na miaka 63 haoni sababu ya kumwachia mfuko fedha zake kwa matumaini ya kufika 90.

Na ipo hoja ya tatu, ya fedha tupu. Kizidisho cha 12.5 kina maana kwamba kuacha pensheni ya shilingi 100 kwa mwaka kunakupa 1,250 mkononi. Geuza: mfuko ukiibakiza 1,250 yako unakulipa 100 kwa mwaka, yaani asilimia 8. Aprili 2022, miezi michache kabla ya kanuni kuanza, Benki Kuu ilishusha riba ya hati fungani za Serikali (hati za mkopo ambao Serikali huchukua kwa wananchi na taasisi) za miaka 25 kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56. Baada ya kushushwa! Mstaafu makini aliyepewa fedha yake na kuipeleka kwenye hati fungani za Serikali angepata asilimia 12 na zaidi kila mwaka, na mtaji ukabaki mali ya watoto wake. Mfuko unaweza kununua hati fungani hizo hizo kwa fedha iliyozuiwa.

Kwa hiyo ninaposikia kwamba mkupuo ulipunguzwa "kwa faida ya mstaafu mwenyewe", nasikia nusu ya habari. Ulipunguzwa zaidi ya yote kwa sababu mkupuo ni fedha inayodaiwa leo, na mfuko haukuwa na fedha ya leo. Ingesemwa hivyo wazi, nadhani wafanyakazi wangeielewa kuliko kuambiwa hawajui kutunza hela.

Marekebisho ya 2024

Juni 2024, kwenye hotuba ya bajeti, Waziri wa Fedha Mwigulu Nchemba alitangaza kwamba waliokuwa kundi la asilimia 50 watapata mkupuo wa asilimia 40 badala ya 33, na waliokuwa kundi la asilimia 25 watapata 35. Magazeti yaliandika kwamba kilio kimesikika.

Rudi kwa mwalimu wetu. Kwa asilimia 40, mkupuo unakuwa milioni 43.2 na pensheni inashuka hadi 432,000. Amepata milioni 7.56 zaidi sasa, amepoteza 50,400 kila mwezi. Gawanya: miezi 150, yaani miaka 12 na nusu, ambayo ndiyo ile 12.5 yenyewe ikijirudia. Akifa kabla ya kufikisha miaka 72 na nusu amefaidika. Akivuka hapo, kwa hesabu kavu, amepunjika. Kwa miaka 15, jumla yake inashuka hadi takriban milioni 121, chini ya zile 122.5 za mwanzo.

Yaani kilichotangazwa kilikuwa ruhusa ya kuchukua mapema zaidi kutoka kwenye chungu kile kile kilichopunguzwa. Si kitu kidogo. Kwa mwenye nyumba isiyo na bati ni kikubwa. Lakini 580 ilibaki 580, 12.5 ilibaki 12.5, na wastani wa miaka mitatu ulibaki wastani. Zile milioni 13.5 na 53,600 za kila mwezi hazikurudi, na hakuna aliyeziuliza.

Marekebisho yale yalileta pia upya jambo ambalo muungano wa mifuko ulisemekana kulimaliza, la watu wa kazi moja na malipo mawili. Mhasibu wa shirika la umma aliyekuwa PPF ana 35, mhasibu wa wizara aliyekuwa PSPF ana 40, na wote wanachangia mfuko mmoja kwa kiwango kimoja.

Mstari ungechorwa wapi

Kinachoniudhi zaidi katika kisa hiki ni kwamba njia ya haki ilikwishapatikana kabla. Kanuni za kuwianisha mafao za mwaka 2014, zilizosimamiwa na SSRA, ziliweka 1/580 na 12.5 kwa wanachama wapya, wanaoanza kuchangia Julai 2014 na kuendelea. Waliokuwemo waliachwa na ahadi yao. Ilikuwa taratibu, haikupendeza sana, na ilikuwa sawa. Miaka minne baadaye ikatupwa, kwa sababu njia ya taratibu huokoa fedha baada ya miaka thelathini na mfuko ulitaka kuokoka mwaka ule.

Kenya ilipobadili mfumo wa watumishi wa umma ilichora mstari kwa umri. Mpaka 2020 mtumishi wa Serikali kule hakuchangia pensheni yake ya kustaafu. Hazina ililipa moja kwa moja. Januari 2021 mpango wa kuchangia ulianza: walio chini ya miaka 45 waliingia kwa lazima, wa 45 na zaidi wakapewa hiari. Makato ya mfanyakazi yalianza asilimia 2 mwaka wa kwanza, 5 wa pili, 7.5 wa tatu, na Serikali ikaweka 15. Wakenya wana malalamiko yao, hasa wastaafu kusubiri malipo mpaka wachoke, na kupanda kwa makato hakukumfurahisha mtu. Lakini mwalimu wa miaka 59 hakuambiwa kwamba sheria imebadilika akiwa anafunga mizigo.

Kwa Tanzania bado kuna njia ya katikati, na si ngeni kwa wanaofanya kazi hizi za mafao: miezi ya utumishi ihesabiwe kwa kanuni iliyokuwepo ilipofanyiwa kazi. Miezi iliyofanywa kabla ya Julai 2022 igawanywe kwa 540, ya baadaye kwa 580. Mwalimu wa Julai angebaki karibu kabisa na mwenzake wa Juni. Aliyeajiriwa 2007 na atakayestaafu 2037 angekuwa nusu kwa nusu. Wa 2023 angekuwa kwenye kanuni mpya tupu, na angejua hivyo tangu barua ya ajira.

Ina gharama, na gharama hiyo ina mwenyewe. Mwaka wa fedha 2021/22 Serikali iliipa PSSSF hati fungani maalumu zisizo za fedha taslimu, zenye thamani ya shilingi trilioni 2.17, kupunguza deni la kabla ya 1999. Ilikuwa hatua kubwa kuliko zote zilizochukuliwa tangu deni hilo lianze, na sijui kwa nini haikupigiwa debe zaidi. Ilithibitisha kwamba chombo cha kulipia kipo: Serikali inakiri inachodaiwa, inakiandika kwenye hati, mfuko unapata riba, na mzigo unagawanywa kwa walipakodi wote wa miaka inayokuja badala ya kuwekwa kwa walimu, manesi na askari waliozaliwa baada ya Juni 1962.

Utaratibu huo huo ungeweza kubeba tofauti ya waliostaafu kuanzia Julai 2022. Faili zao zipo, miezi yao inajulikana, na kwa kila mmoja hesabu ya kilichofutwa inatoka kwa mistari minne kwenye karatasi, kama nilivyofanya hapo juu. TUCTA ikienda mezani safari ijayo na ombi la kutoka 40 hadi 50, inaweza kulipata na mwalimu wa Julai asiongezewe hata shilingi kwa jumla ya maisha yake. Mkupuo ungekuwa milioni 54, pensheni 360,000. Ombi lenye fedha ndani yake ni la 540.